Nimwandike askari au nimwandike baba?

Swali la safari hii limetoka kwa binti wa Wete, Pemba. Nimelifupisha kwa idhini yake.

"Mwalimu, shikamoo. Baba yetu amefariki, leo ni siku ya kumi na moja. Alikuwa askari wa Jeshi la Wanamaji tangu 1974 hadi 1999, kisha akarudi nyumbani akashughulika na mikarafuu yake na kuvua kidogo kidogo. Familia imenichagua mimi niandike wasifu wake usomwe siku ya arobaini, halafu tuupige chapa wajukuu wauweke. Ami zangu wanataka uwe wa kijeshi: vyeo, nishani, Vita vya Kagera. Mama anasema, 'Mwandike baba yenu, jeshi lina watu wake wa kuliandika.' Mimi nimekaa katikati na karatasi tupu. Na lipo jengine naona haya kulitaja. Mpaka namaliza skuli, baba nilimuona kwa likizo tu. Alipokufa bibi, mama yake mzazi, hakuwepo. Nikiandika kwamba alikuwa mtu wa familia, nitakuwa nasema kweli? Kuna sanduku lake la bati lina karatasi, hatujalipekua. Sijui kama hili lina maana, lakini alitufundisha kuogelea sote, wake kwa waume, kabla hatujaanza skuli, na akituhesabia kwa maneno ambayo sisi tulidhani ni maneno ya kuogelea. Nilipokwenda kujifungua Mkoani ndipo nikamsikia daktari wa Kichina akihesabu vile vile."

Marahaba, mwanangu. Nakupa mkono wa taazia, wewe, mama yako na nduguzo. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na ampe kauli thabiti.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesita kwenye yale maneno uliyoyaweka mwisho, yale uliyoyatanguliza kwa "sijui kama hili lina maana". Nimeshasaidia familia nyingi kuandika habari za wazee wao, Unguja na Pemba, na karibu kila mara jambo kubwa huja hivyo, mwishoni, kwa haya, mtu akishaelekea mlangoni. Wasifu wa baba yako uanze pale pale, majini.

Nikueleze kwanza yale maneno ya kuhesabu yalikotoka, maana ami zako watakubali wenyewe kwamba hili ni la kijeshi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka ule. Lakini wanamaji walichelewa kidogo. Kamandi yao ilianzishwa 1971, na kituo chake cha Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China. Boti nyingi za mwanzo zilitoka China pia, na walioleta boti walileta na wakufunzi. Baba yako akaingia 1974, miaka mitatu tu baadaye. Kwa hiyo kijana wa Pemba aliyekulia kwenye dau na ngalawa alifika Kigamboni akakuta injini zenye maandishi ya Kichina na kazi nyingi zikifundishwa kwa hesabu: moja shika, mbili vuta, tatu funga. Hesabu ya namna hiyo ikishaingia mwilini haitoki. Na yule daktari uliyemsikia Mkoani naye ni wa historia hiyo hiyo, maana madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964.

Kabla ya kukujibu nilikupigia simu nikakuuliza namna alivyokufundisha. Nayaandika hapa uliyonijibu, ili wasomaji wengine waone ninachokitafuta ninaposema "nieleze".

Ulisema alikuwa akingoja maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Bamvua hakumpeleka mtoto majini hata mara moja, kwa sababu siku zile maji huenda mbio na huvuta. Mlishuka pwani baada ya sala ya alfajiri, maji yametulia, na mama yako alikuwa akisimama juu ya mchanga na kanga kavu mkononi. Alikufunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake. Alikulaza chali. Kiganja kimoja aliweka chini ya kisogo chako, masikio yako yakawa ndani ya maji, na sauti yake ukaisikia kama inatoka kisimani. Akawa anahesabu: yi, er, san. Kiganja kilikuwa kinaondoka kwenye "san", na wewe hukujua kwamba kimeondoka mpaka siku ile ulipofika kumi ukageuza macho ukamuona amesimama mbali, kamba imelegea, mikono yake yote miwili iko juu. Ukaniambia pia kwamba mama mmoja jirani alisema mtoto wa kike aogelee kwa kazi gani, na baba yako hakumjibu. Likizo iliyofuata binti wa yule jirani alikuwa majini pamoja nanyi.

Basi. Yule aliyesimama majini Wete na kamba mkononi, utamgawaje? Hesabu ni ya Kigamboni. Kamba na fundo lake ni vya kwenye boti. Kujua siku ya maji mafu ni kwa babu yako aliyemlea pwani. Kiganja ni cha baba. Ami zako wanataka jeshi na mama yako anataka baba, na nyote mnaweza kukaa kwenye baraza moja mkasikia habari hiyo moja, kila mmoja akaona chake kimo. Wanaoandika habari za watu waliotumikia hugawa karatasi mapande mawili, "utumishi wake" juu, "familia yake" chini, na matokeo yake anazikwa mtu mara mbili. Usifanye hivyo. Tafuta mahali ambapo kazi ilimfuata nyumbani na nyumbani kulimfuata kazini, andika hapo.

Sasa lile lililokutia haya.

Umeuliza kama ni kweli kumwita mtu wa familia baba aliyeonekana kwa likizo. Nataka ulitazame jambo hili kwa hesabu zake. Mtu yuko Kigamboni. Akipewa ruhusa, atavuka kwa pantoni aingie mjini, angoje chombo cha Unguja, alale Unguja kwa jamaa akingoja meli ya Pemba, na meli siku hizo haikuwa ya kila siku. Ikichelewa, imekula siku zake. Akifika Mkoani bado ana gari ya kwenda Wete. Siku za kurudi ni hizo hizo tena. Zilizobaki katikati ndizo zenu. Na ndani ya siku hizo chache alikuwa akitazama mwandamo wa mwezi apate maji mafu, awaamshe alfajiri awatie majini mmoja mmoja. Mtu aliyetoka kwenye maji mwaka mzima, ameletwa nyumbani kupumzika, anarudi majini kwa ajili yenu! Mimi kwa hilo nimeridhika. Lakini si kazi yako kumshawishi msikilizaji. Andika tu, "Hakuwepo sehemu kubwa ya utoto wetu. Alipokuwepo, alikuwa pwani na sisi." Sentensi ya kwanza usiifiche, maana kila ndugu yako anaijua, na wakiona umeiruka hawatakuamini kwa yatakayofuata.

Kisha uliza alivyokuwepo wakati hayupo. Familia za mabaharia zina namna zake. Nani alileta mizigo? Kwa kawaida alikuwepo Mpemba mwenzake aliyepata likizo, au baharia wa melini anayefahamika, anakabidhiwa furushi na barua. Furushi lilikuwa na nini? Muulize mama yako hasa habari za miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sukari, sabuni na nguo vilipokuwa adimu nchi nzima na watu wakipanga foleni. Kama doti ya kanga ilifika Wete mwaka ule, mama atakumbuka rangi yake na jina lake, na pengine iko kabatini mpaka leo. Kanga ina maneno. Soma aliyochagua. Mwanamme aliyeingia dukani Kariakoo akasoma majina ya kanga moja moja mpaka akapata la kumpelekea mkewe ameandika barua, hata kama hakuwa mtu wa kuandika.

Kuhusu bibi yako. Hili naona limekukaa moyoni tangu utotoni, kwa hiyo nitalisema taratibu. Sisi maiti wetu hatumuweki. Akifa asubuhi huzikwa baada ya adhuhuri au alasiri, akifa usiku huzikwa kesho yake. Mtu aliye Kigamboni, hata akipata habari saa ile ile na mkubwa wake akamruhusu saa ile ile, hawezi kuiwahi sala ya maiti Wete. Wangapi wa visiwani walisikia vifo vya wazazi wao kwenye redio, katika yale matangazo ya vifo ya redio ya Zanzibar, "habari ziwafikie jamaa wote popote walipo", na yeye ndiye huyo aliye "popote"? Muulize mama yako habari zilimfikiaje baba yenu, na alipokuja alifanya nini. Uliniambia kwenye simu kwamba shangazi yako anakumbuka alifika siku ya tano, hakuingia ndani, akapita moja kwa moja kaburini na mkoba wake begani. Iandike hivyo hivyo, na mkoba wake. Usiongeze "kwa majonzi makubwa". Mkoba begani unatosha.

Wapo watakaokwambia kumtaja marehemu kwamba hakuwepo ni kumvunjia heshima. Mtume, rehema na amani zimfikie, amekataza kuwatukana maiti, akasema wao wameshayafikia waliyoyatanguliza. Katazo ni la kutukana na kuaibisha. Kusema baharia alikuwa baharini hakumo humo. Yale ya ndani hasa, kama yapo, magomvi ya shamba, maneno baina ya mke na mume, hayo yaache yalale. Hata mimi usinieleze.

Nakuja kwa ami zako na Kagera. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu niliwahi kuumia.

Miaka mingi nyuma niliandikia familia moja wasifu wa mzee wao. Wanawe walinihakikishia kwamba alipigana Kagera mstari wa mbele. Sikuuliza zaidi. Niliandika kwa maneno makubwa, ukasomwa mbele ya watu. Baada ya dua akanijia mzee mmoja mwenye fimbo, akanikalisha pembeni, akaniambia kwa upole mkubwa: yule hakwenda Kagera. Alibaki karakana akitengeneza injini, usiku na mchana, mpaka vidole vyake viwili vikaharibika. "Sisi tuliotoka tulitoka kwa sababu injini ziliwaka," alisema. "Umemvisha nguo ya mtu mwengine, na yake ilikuwa nzuri zaidi." Nililala na maneno yale siku nyingi. Wanawe walijua vidole vya baba yao vina kasoro, na walikua wakiamini alibanwa na mlango.

Kwa hiyo andika kile tu unachokipata kwenye karatasi au kwenye kinywa cha aliyekuwa naye. Tarehe za kujipimia ni hizi: majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaangukia mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Baba yako alikuwa na miaka minne jeshini vita vilipoanza. Je, alipelekwa huko, au alibaki pwani kulinda bahari wakati wenzake wako mbele? Vyote viwili ni utumishi. Na kama ana Nishani ya Vita vya Kagera, itakuwa kwenye sanduku, na ami zako watapata haki yao bila ya mtu kupandisha sauti.

Lifungueni sanduku mkiwa wengi, mchana, na mama yako akiwepo. Tandikeni jamvi. Msipange upya chochote kabla ya kupiga picha kilivyokaa, maana mtu wa jeshi hupanga kwa sababu. Mtakuta cheti cha kumaliza utumishi, chenye namba yake, mwaka wa kuingia na kutoka na cheo cha mwisho. Cheo kiandikeni kama kilivyo humo. Askari aliyetoka na usajini anastahili kuitwa Sajini, na mtu aliyekuwa Afisa Mteule atashushwa ukimwita Kapteni kwa kumpenda, kwa sababu wenzake watakaokuwepo barazani wanajua tofauti na watainamisha macho. Nishani zina majina. Iliyo ya utumishi mrefu na tabia njema msiite ya ushujaa. Mtu kukaa jeshini robo karne bila ya doa si jambo dogo, na nishani hiyo inasema hivyo yenyewe.

Angalieni pia alikuwa chini ya nani. Watu wetu huchanganya Wanamaji wa JWTZ na KMKM, kwa kuwa wote ni watu wa boti na sare na bahari. KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, makao yake makuu yako Kibweni, na Wapemba wanakijua vizuri kwa habari za magendo ya karafuu. Kazi zao zinakaribiana na mara nyingine wameokoa watu pamoja, lakini ni vyombo viwili. Kwenye karatasi itakayodumu hilo lazima liwe sawa.

Picha ni muhimu kuliko mnavyodhani. Igeuzeni kila moja nyuma. Kama kuna maandishi, yanakilini kama yalivyo hata kama yana makosa. Kama hakuna, mkae na mzee anayewajua waliomo, na aandike mtu kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya ukatokea upande wa nyuso. Na karatasi za asili msimpe mtu yeyote aende nazo, hata mpiga chapa. Vyeti hivyo hivyo mtavihitaji kwa mafao na kwa mirathi, huko kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nimeona wajane wakihangaika mwaka mzima kwa cheti kimoja alichokichukua jamaa "kukitoa kopi".

Kisha watafute wenzake. Wastaafu wanajuana. Ukimpata mmoja watakuja watano. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana watakujibu alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mchapakazi, asiye na ubaguzi, na maneno hayo manne yamo katika kila wasifu niliowahi kusahihisha, huwezi kujua yanamhusu nani. Uliza vitu. Kwenye doria mlikuwa mkila nini, na nani alipika? Alikuwa akilala wapi kwenye boti? Bahari ikichafuka usiku alikuwa akifanya nini kwa mikono yake? Alikuwa akiwaeleza nini habari za nyumbani? Hili la mwisho usilikose. Utashangaa. Nimewahi kukaa na mstaafu mmoja aliyejua majina ya watoto wote sita wa rafiki yake, na yupi aliogopa kuku, na hakuwahi kuwaona hata siku moja. Yanayohusu silaha, mipango na safari za kazi, akinyamaza mwache anyamaze. Amekula kiapo, na kiapo chake hakikuisha siku ya kustaafu.

Nyumbani nako tafuta hivyo hivyo. Kuanzia 1999 alikuwa wenu, na miaka hiyo ni mingi. Kwenye simu ulinigusia mawili tu na yote mawili nimeyapenda. La kwanza, kamba ya kisima, ambayo aliifunga kwenye ndoo kwa fundo lake na hakuna aliyeweza kulifungua ila yeye, mpaka siku ya mazishi watu walipotaka ndoo ya pili wakaikata kwa kisu. La pili, wakati wa karafuu, usiku mkichambua nyote chini ya taa, vikonyo huku na karafuu kule, yeye alikuwa akipanga watoto kwa zamu kama zamu za doria, mdogo akilala mkubwa anashika, na hakuna aliyeruhusiwa kumuamsha mwenzake kabla ya saa yake. Hebu ona. Watoto wa Pemba wengi wamechambua karafuu mpaka wakasinzia juu ya jamvi. Ninyi mlilindiwa usingizi.

Na lipo swali ninalomuuliza kila mtu wa Pemba anayeniandikia: alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011, habari zilipofika kwamba Spice Islander imezama karibu na Nungwi usiku ikija Pemba, baba yako alifanya nini? Hakuna mji kisiwani usiokuwa na mtu wake katika meli ile. Alikuwa ameshastaafu miaka kumi na mbili, amri ya kwenda hakuwa nayo. Mimi sijui alifanya nini, na wewe kwenye simu ulinyamaza, ukasema utamuuliza kaka yako. Muulize. Hata kama alikaa kimya tu barazani na redio siku nzima, hilo nalo ni la kuandikwa, kwa sababu yeye alijua kuliko nyote maji ya pale yalivyo.

Sasa namna ya kuandika kwenyewe. Usianze na "Marehemu alizaliwa mwaka". Wazee wa umri wake mara nyingi mwaka wao umekadiriwa, na utaanza kwa jambo ambalo shangazi yako atalibishia mbele ya watu. Anza pwani, maji mafu, kamba. Halafu rudi nyuma useme alikotoka, kwa vipimo ambavyo watu wanavikumbuka: Mapinduzi ya 1964 yalimkuta darasa la ngapi, nani alimfundisha kuvua, aliondoka Wete kwa chombo gani. Jeshi liingie hapo, kwa kurasa zake za haki, tarehe na vyeo na nishani vikiwa vimehakikiwa. Kisha kurudi, mikarafuu, kisima, wajukuu. Maradhi yake yataje kwa mstari mmoja. Watu waliomuona siku zile hawahitaji kukumbushwa, na wasiomuona hawana haja ya kumuona hivyo.

Uandike wasifu wa aina mbili. Wa kupiga chapa uwe mrefu unavyotaka. Wa kusoma usizidi dakika saba, yaani kurasa mbili kwa mwandiko wa kawaida, kwa sababu watu watakuwa wametoka kwenye hitma, juzuu thelathini zimesomwa, dua ndefu imeombwa, na chakula kinanukia. Mashekhe hawana kauli moja kuhusu arobaini, kwa hiyo mtangulie kumuona imamu wa msikiti wenu. Ushauri wangu ni kwamba kisomo kiwe kisomo na kimalizike, ndipo wasifu usomwe, barazani, kwa sauti ya mazungumzo. Asome kaka yako kama hivyo ndivyo mlivyozoea, lakini akae nawe siku mbili kabla aujue, asije akateleza kwenye "yi, er, san". Hapo ndipo watu watakapoinua vichwa.

Na liko moja ambalo naomba usilisahau kwa shughuli za siku ile. Siku ya arobaini mama yako bado atakuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na baraza la wanaume hatolisikia. Kwa hiyo yeye asomewe kwanza, usiku wa kuamkia arobaini, chumbani kwake, na wewe mwenyewe, milango ikiwa imefungwa. Soma polepole. Pale atakapokuzuia akasema "hili liondoe", liondoe, wala usimuulize sababu. Pale atakapocheka, weka alama ya penseli pembeni.

Ukishaandika rasimu nitumie. Usingoje iishe, ile sehemu ya pwani niletee kwanza, na uniambie kanga aliyokuwa ameishika mama yako pale mchangani ilikuwa na maneno gani.